Eda Juu ya Mkokoteni

Watu wa mtaa wetu pale Kisauni wakinitaja hadi leo hawasemi kwamba mume wangu alibanwa na lori akafa, wala kwamba nimelea watoto watatu peke yangu. Husema, "Yule aliyevunja eda akamvunja na mtu mkono." Haya, na iwe hivyo. Ila kila anayekisimulia kisa hicho hukitia chumvi yake, na wengi wao siku hiyo walikuwa wamejifungia ndani wakichungulia madirishani. Mimi ndiye niliyeshika mchi. Acheni nisimulie mwenyewe.

Mume wangu alikuwa hamali katika soko la Kongowea, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Malori ya viazi na kabichi yaliteremka kutoka bara alfajiri, na mahamali waliyavamia kabla hayajasimama, kwa viwiko na matusi, kila mmoja akitaka mzigo wa kwanza. Mkokoteni aliouvuta haukuwa wake. Mikokoteni karibu yote ya pale ilikuwa ya tajiri mmoja aliyekaa ng'ambo ya daraja, kisiwani, mtu ambaye sidhani kama alipata kunyanyua hata fungu la mchicha. Mwenye kuvuta alilipa kodi ya mkokoteni kila jioni, malori yaje yasije. Asiyelipa alikutana na manyapara wa tajiri, watu wawili wenye nondo.

Siku moja mume wangu alirudi nyumbani na jino lake mkononi. Alikuwa amelala na homa, hakwenda sokoni, na kodi ya siku alizolala ilidaiwa vilevile. Nyapara alimpiga nondo ya shavu mbele ya wenzake. Nilimchemshia maji ya chumvi, akasukutua, akatema damu ndani ya beseni nililokuwa nimeoshea mchele asubuhi. Nyapara nilimchukia, lakini nilimchukia zaidi yule tajiri ambaye saa ile pengine alikuwa akinywa kahawa kwa halua, wala hajui jino la nani limeng'oka. Nikamwambia mume wangu, "Wallahi huvuti tena mkokoteni wa mtu." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana wa pili ulikuwa umefura.

Likaja shirika lililotoa mikopo midogo kwa kina mama wasio na shamba wala hati ya nyumba. Afisa wake alikuwa kijana kutoka bara, mwenye tai na pikipiki, tukamwita Bwana Mkopo. Dhamana, alisema, ni sisi wenyewe: wanawake watano wajikusanye, kila mmoja amdhamini mwenzake, na mmoja akishindwa kulipa wengine wamlipie, au wakachukue alicho nacho. Mwenyekiti wetu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mkaanga viazi karai, aliyekuwa akinipitishia sahani ya viazi dirishani kila alasiri. Alimwambia yule kijana, "Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Kijana akadhani anasifiwa, akatupigisha makofi. Wa tatu wetu alikuwa fundi cherehani, na wawili waliobaki walikuwa wanawake wa bara waliouza nyanya na sukuma wiki pale pale Kongowea.

Kulikuwa na sharti jingine. Kila Jumatano mchana mwanachama aje kwenye mkutano mwenyewe, kwa miguu yake, alete rejesho kwa mkono wake. Asiyeonekana alihesabiwa kuwa ametoroka. Hakuna kati yetu aliyeuliza, je, mtu akifiwa na mumewe? Watatu wetu tumesoma chuo cha Kurani tangu hatujaota meno ya pili, eda tunaijua kama tunavyojua majina yetu, na bado tukatia dole gumba kwenye sharti lile bila kukohoa. Tulikuwa na haraka ya pesa.

Pesa yangu ilinunua mbao, na ekseli ya gari kuukuu kwa wauza vyuma wa Changamwe, na magurudumu mawili yenye tairi zinazofaa bado. Fundi akaunga. Mume wangu aliupaka rangi ya kijani na akaingia nao sokoni kifua mbele. Wiki haikuisha, manyapara wakazichana tairi kwa kisu, mchana kweupe. Mume wangu akamrukia mmoja wao, wakaviringishana kwenye maji ya kabichi zilizooza mpaka akamng'ata sikio na kulitema. Rafiki yake, hamali mwenzake ambaye walishiba pamoja na kulala njaa pamoja, alimkaba yule wa pili kwa nyuma. Tangu hapo hawakumgusa. Niliposikia habari hizo nilifurahi, sifichi. Nilipika pilau.

Tukala vizuri kwa muda. Kisha asubuhi moja lori la kabichi likarudi nyuma bila breki, likambana mume wangu kwenye ukuta wa soko. Mkokoteni alikuwa ameuacha kando, ukabaki mzima. Dereva alikimbia. Umati ukamshika utingo, asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba hakujua kukimbia, wakampiga mawe hadi akapoteza jicho. Mwenye lori alituma magunia mawili ya kabichi matangani pamoja na salamu za pole. Kabichi tulizipika, kwa sababu watu walikuwa wengi na jikoni hamkuwa na kitu. Kukopa harusi, kulipa matanga, husema watu. Mimi nilikula kabichi za matanga ya mume wangu huku deni la mkokoteni likiwa bado bichi.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi sitoki, sijipambi, na mwanamume asiye maharimu yangu hanioni. Mama mkwe alikuja kukaa nami, na hiyo eda aliilinda kuliko nilivyoilinda mimi; hata dirisha lilifunguliwa nusu. Mkokoteni, uliofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, nikamkodisha yule rafiki wa mume wangu kwa nusu ya alichotoza tajiri. Aliniita shemeji. Kila jioni alisimama nje, akasema, "Shikamoo mama," akamkabidhi mama mkwe kilicho changu, akaenda zake bila kugeuza uso. Changu hicho nikakituma Jumatano kwa mkono wa mwenyekiti. Nilikuwa na huzuni, lakini sikuwa na hofu. Nilijua kwamba mkokoteni ukiwepo, wanangu watakula.

Masika yakaingia vibaya mwaka ule. Malori yakakwama njiani, soko likajaa maji hadi kwenye magoti. Rafiki wa mume wangu alileta nusu, kisha robo, kisha salamu. Na Bwana Mkopo akaanza kuuliza mwanachama mwenyewe yuko wapi. Mwenyekiti akamweleza eda. Akajibiwa kwamba shirika halifungwi kila anapokufa mume wa mtu, na kwamba deni langu lisipotimia Jumatano inayokuja, atachukua jokofu la mwenyekiti, cherehani ya fundi na vibanda vya wale wawili wa sokoni. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba sahani ya viazi haipiti tena dirishani.

Jumatatu alasiri mwenyekiti na fundi cherehani wakaja kunitazama. Walivaa buibui, wameshika ubani na halua. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta mchele, akawakaribisha, akarudi kwenye ungo wake. Wakaingia chumbani kwangu, wakarudisha mlango, wakakaa kitandani.

"Waonaje hali, mwenzangu?"

"Alhamdulillahi."

"Tumesema tuje tukuombee dua."

Nilishukuru kwa moyo wangu wote, na machozi yalinitoka. Mwenyekiti akanyanyua mikono, akaanza. Sauti yake si ya juu, lakini siku hiyo aliomba kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Mimi nikaitikia amin. Na kati ya amin na amin nikasikia msumeno wa chuma ukila mnyororo barazani.

Nikasimama. Fundi cherehani akauwahi mlango, akaupa mgongo.

"Wendapi?" mwenyekiti akaniuliza. "Una eda wewe. Nje kuna mwanamume."

"Mwanamume gani? Afanyani barazani kwangu?"

"Kaa kitako, mwanangu. Twafanya kwa ajili yetu sote. Ukitoka waja kuaibika."

Kumbe walikuwa wamelipanga. Walijua kwamba mimi, mtoto wa watu wa dini, sitatoka mbele ya mwanamume, na kwamba wao wawili wakinishika kwa adabu ndani, wale wawili wa sokoni watamaliza kazi nje. Damu ilinipanda kichwani, sikuona tena jirani wala mwenzangu. Nilimkamata mwenyekiti kwa nywele, buibui na yote, nikamgonga kichwa kwenye nguzo ya kitanda. Dua ikamkatikia mdomoni. Fundi cherehani akanirukia mgongoni, akanipara uso kwa kucha, nikajitupa naye ukutani mpaka akaniachia. Chetezo cha ubani kikapinduka, makaa yakatawanyika juu ya mkeka, na yeye akakanyaga makaa akapiga yowe. Ukumbini palikuwa na kinu. Nikachomoa mchi, nikatoka nje kichwa wazi, na kanga moja iliyochakaa.

Mnyororo ulikuwa chini. Wanawake wawili wa sokoni walikuwa wakisukuma nyuma, na katikati ya mipini miwili ya mkokoteni alisimama rafiki wa mume wangu. Huyo ndiye aliyenikata maini. Ningemwona nyapara pale nisingeshangaa. Nilimwona mtu aliyembeba mume wangu mabegani kumtoa ukutani.

Aliinamisha macho haraka. "Shemeji, rudi ndani. Tajiri aununua leo. Amesema mimi nitauvuta bado. Wanangu hawajala, shemeji."

"Na wangu?"

Akavuta. Nikanyanyua mchi kwa mikono miwili nikaushusha juu ya mkono wake wa kulia, pale ulipokamata mpini. Niliusikia mfupa. Akakaa chini kwenye matope akiutazama mkono wake, akalia kilio ambacho sikujua mwanamume mzima anacho.

Mmoja wa wanawake wa sokoni aliokota mnyororo akanichapa nao usoni. Kovu ninalo hapa juu ya nyusi. "Wewe mama una wazimu!" akanipigia kelele. "Sisi watoto wetu wakule nini? Tulale njaa juu yako?" Jicho langu moja lilijaa damu, nikampiga mchi wa mbavu kwa kubahatisha, akapepesuka akamwangukia mwenzake. Alikuwa amesema kweli, na nilimpiga huku nikijua amesema kweli.

Baada ya hapo nguvu ziliniisha. Sikuwa na hila yoyote, waniambiao nilipanga ni waongo. Nilitafuta pa kukaa tu, nikapanda juu ya mkokoteni nikakaa, mchi mapajani, damu ikinichuruzika hadi kifuani.

Wanaume wa mtaa walikuwa wamefika mbio kutoka kwenye kahawa. Wakaniona, wakakumbuka mimi nani na nimo katika nini, na wote kwa pamoja wakanipa mgongo. Hebu fikirini: barabara imejaa wanaume, na kila mmoja anatazama ukuta. Wanawake wa sokoni wakawaita, "Mshusheni! Vuteni!" Wakaahidi hata malipo. Mzee mmoja akasema, akiuambia ukuta, "Mwenye eda hatumgusi. Na alichokalia hatukigusi."

Hapo ndipo nikafahamu. Hakukuwa na mtu Kisauni nzima ambaye angeweza kuusogeza mkokoteni ule hatua moja maadamu mimi niko juu yake. Nilicheka. Nilikuwa na damu mdomoni na nilicheka, na furaha niliyoisikia ilikuwa furaha mbaya, ya mtu aliyeuona mkono wa mbabe umefungwa. Mwenyekiti alitoka akijishika kichwa, akaniona, akaketi kwenye ngazi ya baraza yake akaanza kulia jokofu lake.

Bwana Mkopo akaja na pikipiki, kwa kuwa walikuwa wameagana akutane nao barabarani. Akauliza mnangoja nini. Akaja hadi kwenye gurudumu, tai yake imenyooka, akanitazama usoni, kijana wa watu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asitazame.

"Mama, sheria ni sheria. Shuka."

"Sishuki."

Akanishika kifundo cha mkono.

Wanaume waligeuka. Wanaume wale wale ambao tangu mume wangu azikwe hakuna aliyetuletea hata kibaba cha unga, ambao walijua mvua imenifanya nini na wakapita, waligeuka wakamshukia mtu mmoja kwa makonde na viatu kwa sababu amemshika mwenye eda. Walimvuta kwa tai yake. Walimkanyaga tumboni. Pikipiki wakaitumbukiza mtaroni, na mmoja akaenda kutafuta kiberiti. Nilikuwa juu yao, naona kila pigo, naona uso wa kijana ukipoteza umbo. Sikusema waache. Nilikuwa nikihesabia kila konde kwa jino la mume wangu, ingawa kijana yule hakuwa hata amehamia Mombasa siku lile jino lilipong'oka.

Aliyewaambia waache ni mama mkwe. Alitoka na leso mbili, moja akanifunika kichwa, ya pili akawachapa nayo wanaume migongoni kama anayefukuza mbuzi.

"Mwamuua mtoto wa watu! Haya, mmeona uchungu? Mna uchungu na eda ya mwanangu? Basi kesho leteni pesa mkamlipie deni!"

Wakatawanyika. Sijawahi kuona watu wakitawanyika upesi vile.

Kijana hakufa. Shirika halikumrudisha mtaani kwetu, lilituletea askari na dalali. Jokofu la mwenyekiti likatoka, na cherehani ya fundi, na vibanda vya sokoni vikauzwa. Yule niliyempiga mbavu alirudi kwao bara na vitu vyake ndani ya gunia. Vyote hivyo vilinunuliwa kwa bei ya kutupa, na nasikia jokofu liliishia nyumbani kwa nyapara. Kwangu dalali alifika hadi barazani. Aliambiwa mwenye mkokoteni amo ndani na eda yake, akatikisa kichwa akapita. Deni langu lilikuwa limelipwa kwa vitu vya wenzangu. Tajiri alimtuma mtu kusema kwamba bado aununua, kwa bei ndogo zaidi, na mama mkwe alimmwagia yule mjumbe maji ya kuoshea samaki.

Mwenyekiti hajasema nami tangu siku ile, na ukuta wetu bado ni mmoja. Watu huniuliza kama simwonei huruma. Namwonea. Angekuja wazi akaniambia, "Mwenzangu, shirika lataka kuniuzia jokofu langu kwa ajili yako," pengine tungelia pamoja, na pengine mkokoteni ningeutoa mwenyewe. Alikuja na dua. Hilo halijanitoka.

Shehe alisema kutoka kwangu hakukuwa dhambi, ilikuwa dharura. Mtaa haukumsikiliza shehe. Eda ilipokwisha nilitafuta hamali wa kuvuta, na kila niliyemwendea alijikuna kisogo. Wakasema mkokoteni umekaliwa na mwenye eda, umenyweshwa damu, una mkosi, atakayeuvuta atamfuata mwenyewe kule ukutani. Ukasimama barazani, tairi moja ikaishiwa upepo. Wanangu walikunywa uji mchana na uji jioni. Nilikuwa nimewapiga watu wanne kwa ajili ya kitu ambacho sasa kilianikiwa nguo, na kuna siku niliutazama nikatamani kuuchoma moto.

Asubuhi moja kabla jua halijatoka nikasikia hodi. Alikuwa rafiki wa mume wangu. Sikuwa na eda tena, nikatoka mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tukatazamana machoni mbele ya mlango ule. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga vibaya. Vidole viwili havikufunga. Amekonda. Tajiri, aliniambia, hamkodishi mkokoteni mtu asiyeweza kushika, na sokoni wanamwita kiwete wa mkono.

Alikuwa na pampu. Aliinama akaijaza ile tairi upepo, akitumia kifua kuisukuma kwa kuwa mkono haukutosha, nami nilisimama nikimtazama bila kumsaidia. Alipomaliza akaenda mbele, akashika mpini mmoja kwa mkono wake mzima. Wa pili akauacha.

"Peke yangu siwezi," akasema.

Mama mkwe alipiga kelele kutoka ndani kwamba hapajatokea Kisauni mwanamke wa kuvuta mkokoteni, kwamba nitamwua kwa aibu. Nikajifunga leso kiunoni, nikaingia kati, nikaushika mpini uliobaki. Mbao zilikuwa na umande.

"Shemeji," akasema, akitazama barabara, "mimi sijakusamehe."

"Na mimi sijakuomba," nikamwambia. "Vuta, malori yateremka."